Kundi la Rubavu na swali lisilo na refa: ujanja ulio halali hulipwa na nani?

Jumatano ya tarehe 27 Januari 2016, hesabu ya Kundi D ingeweza kufanywa na mtoto wa shule ya msingi. Rwanda ilikuwa mwenyeji wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wanaosakata kandanda katika ligi za nchi zao, na kundi hilo lilikuwa limepangiwa Uwanja wa Umuganda mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Goma. Baada ya mechi mbili, Zambia ilikuwa na pointi sita, Mali nne, Uganda moja, na Zimbabwe haikuwa na kitu. Mechi za mwisho zilikuwa Zambia dhidi ya Mali, na Uganda dhidi ya Zimbabwe.

Uganda ilikuwa na njia moja tu ya kuokoka: iifunge Zimbabwe, na wakati huohuo Mali ifungwe na Zambia. Lakini Zambia haikuwa na haja ya kumfunga mtu. Ilikuwa imekwisha kufuzu, na pointi moja ilitosha kuiweka kileleni. Mali nayo, kwa pointi moja, ingefikisha tano, idadi ambayo Uganda isingeifikia hata kama ingeshinda kwa magoli kumi. Timu mbili ziliingia uwanjani zikijua kwamba sare inazifaa zote mbili, na kwamba timu ya tatu, iliyokuwa ikitoa jasho kwingine saa hiyohiyo, ndiyo ingelipa gharama.

Matokeo yalikuwa 0-0.

Hakuna sababu ya kuzishutumu Zambia na Mali. Sare isiyo na magoli ni jambo la kawaida katika mpira, na timu mbili zinaweza kupigana dakika tisini bila wavu kutikisika. Tena siku hiyo hesabu haikumdhulumu mtu, kwa kuwa Uganda yenyewe ilitoka sare ya 1-1 na Zimbabwe na isingefuzu hata kama Mali ingefungwa. Zambia ilitolewa robo fainali na Guinea kwa mikwaju ya penalti. Mali ilifika fainali na kufungwa 3-0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tarehe 7 Februari, mjini Kigali. Kumbukumbu iliyobaki kwa wengi, hasa kwa wale wa ng'ambo ya mpaka kule Birere, ni ya kombe la Wakongomani.

Hata hivyo swali lililoachwa na lile kundi halijaondoka. Tuseme wachezaji wa timu hizo mbili wangeamua, bila kunong'onezana neno, kupasiana mpira katikati ya uwanja mpaka kipenga cha mwisho. Wangekuwa wamevunja kanuni ipi? Hakuna kanuni inayosema timu lazima ishambulie. Hakuna idadi ya chini ya mashuti golini. Refa hana kadi ya kumwonyesha mtu asiyetaka kushinda. Na bado karibu kila mtu aliyekaa jukwaani angesema kwamba kuna kitu kimeharibiwa.

Neno ambalo sheria za michezo hazina

Wacheza karata wa kulipwa duniani wamelijadili jambo hili kwa muda mrefu, pengine kuliko wanasoka. Mchezo wa poka umejengwa juu ya kuficha na kughilibu. Mwenye karata mbovu anaweka dau kubwa kana kwamba ana karata nzuri, na anayedanganywa hana haki ya kulalamika, kwa sababu alikaa mezani akijua kwamba huo ndio mchezo. Lakini meza hiyohiyo ina vitendo ambavyo havikubaliki hata kwa wazoefu wake, ingawa kanuni haikuvitaja waziwazi au huacha nafasi ya kuvitetea. Mchezaji husogeza mkono kama anayetaka kuweka dau ili aone mwenzake anashtuka vipi, kisha akaurudisha. Mwingine husema maneno yenye maana mbili ili mgeni adhani mchezo umeisha na azitupe karata zake. Mwingine tena, akijua fika kwamba ameshinda, huchelewa kufunua karata zake ili mwenzake afurahi kwanza, ndipo amvunje moyo. Waamuzi wa mashindano ya poka wana mwongozo wao wa pamoja, na kanuni yake ya kwanza kabisa inamtaka mwamuzi atangulize maslahi ya mchezo na haki, hata pale ambapo maandishi ya kanuni nyingine yangempeleka kwingine. Waliouandika walikuwa wakikiri kwamba orodha ya makatazo haiwezi kukamilika.

Bila shaka wasomaji wengi wa Kiswahili mjini Gisenyi watasema poka ni kamari na kamari ni haramu, kwa hiyo hakuna cha kujadili. Ni hoja yenye nguvu kwa wanaoishikilia. Lakini elimu hiyohiyo ya dini iliyowapa neno haramu imewapa pia neno ambalo sheria za michezo ya kisasa hazina, nalo ni makruhu: jambo ambalo mwenye kulifanya haandikiwi dhambi, na mwenye kuliacha hupata thawabu. Soka ina halali na haramu tu. Ukicheza rafu, unaadhibiwa. Usipocheza rafu, uko huru. Ile sehemu ya katikati, ambako ndiko ujanja mwingi unakoishi, haina jina katika kitabu cha sheria.

Kiswahili chenyewe hakikuiacha tupu. Mzungumzaji wa kawaida hutenganisha ujanja, hila, ghiliba na ulaghai bila kufundishwa na mtu, na anajua kwamba la kwanza laweza kuwa sifa na la mwisho haliwezi. Mshambuliaji anayejifanya anakwenda kushoto akapita kulia ni mjanja. Timu dhaifu inayorundika watu kumi nyuma, ile inayoitwa kupaki basi, ni janja pia, na anayechukizwa nayo atafute namna ya kuifungua. Kipa anayelala chini dakika ya themanini na tano, akashika goti ambalo hakuna aliyeligusa, amehamia neno jingine.

Tofauti haiko katika kudanganya, maana wote watatu wanamdanganya au wanamzuia mtu. Iko kwa yule anayelipa, na katika uwezo wake wa kujibu. Beki aliyepitwa kulia anaweza kujifunza, na safari ijayo akasubiri. Timu inayokabiliwa na ukuta wa watu kumi ina mpira miguuni na dakika mbele yake. Lakini kipa aliyelala anachukua muda ambao haumo mikononi mwa mpinzani, na anauchukua pia kwa mtu ambaye hayumo mchezoni kabisa: kibarua aliyetoa faranga zake mlangoni. Na timu mbili zinazokubaliana na sare, hata kwa kukonyezana tu, zinamtoza mtu ambaye hayupo uwanjani na hana hata nafasi ya kulalamika kwa refa.

Gijón, Volgograd na wasiokuwapo

Afrika inakijua kiti hicho cha asiyekuwapo kuliko bara jingine lolote. Katika Kombe la Dunia la 1982 nchini Hispania, Algeria ilianza kwa kuishangaza Ujerumani Magharibi kwa kuifunga 2-1, na tarehe 24 Juni ikaifunga Chile 3-2 katika mechi yake ya mwisho ya kundi. Ujerumani na Austria zilicheza siku iliyofuata, mjini Gijón, zikiwa na matokeo ya Algeria mkononi. Ushindi wa Ujerumani wa goli moja au mawili ungezipitisha zote mbili. Horst Hrubesch alifunga dakika ya kumi. Kilichofuata kwa dakika themanini kilikuwa mpira wa kurudishiana nyuma, huku watazamaji wa Algeria wakipunga noti za fedha kwa kejeli na hata mashabiki wa Ujerumani wakiona aibu. Algeria ililalamika. FIFA ilitupilia mbali malalamiko hayo, kwa kuwa hapakuwa na kanuni iliyovunjwa.

Kisha FIFA ikabadilisha ratiba. Tangu Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kila kundi huchezwa saa moja, ndiyo maana hata kundi la Rubavu mwaka 2016 lilimaliza kwa mechi mbili zilizoanza pamoja. Dawa hiyo inapunguza ugonjwa, haiumalizi. Kucheza pamoja kunazizuia timu kujua matokeo ya jirani kabla ya kuanza, lakini hakuzizuii kujua, kama Zambia na Mali zilivyojua, kwamba sare yao inatosha bila kujali jirani amefanya nini.

Tena siku hizi simu iko mfukoni mwa kila mtu kwenye benchi. Tarehe 28 Juni 2018, mjini Volgograd nchini Urusi, Japani ilikuwa nyuma kwa goli moja dhidi ya Poland, wakati Senegal nayo ilikuwa nyuma kwa goli moja dhidi ya Colombia. Japani na Senegal zililingana katika kila kitu: pointi nne kila moja, magoli manne ya kufunga na manne ya kufungwa, na mechi yao wenyewe ilikuwa sare ya 2-2. Kilichobaki kuzitenganisha kilikuwa kadi za njano. Japani ilikuwa na nne, Senegal sita. Kocha wa Japani, Akira Nishino, alipiga hesabu na kuwaagiza vijana wake wasishambulie tena, wasipate kadi, wasifungwe la pili. Kwa takriban dakika kumi Wajapani walipasiana mpira katika nusu yao wenyewe, wakizomewa na uwanja mzima, wakiamini kwamba Senegal haitasawazisha. Poland, ambayo ilikuwa imekwisha kutolewa na kuridhika na ushindi wake mmoja, haikujisumbua kuwafuata.

Senegal haikusawazisha. Ilitolewa kwa kadi mbili za njano, na kwa mara ya kwanza tangu 1982 hakuna timu ya Afrika iliyovuka hatua ya makundi. Kinaya cha jambo hili hakihitaji kutafutwa: kipimo kilichoitoa Senegal kinaitwa alama za mchezo wa kiungwana, na aliyefaidika nacho alikuwa akifanya jambo ambalo watazamaji waliliona la fedheha. Kocha wa Senegal, Aliou Cissé, hakuanzisha ugomvi. Alikubali kwamba kanuni ndivyo zilivyo na kwamba timu yake haikustahili kupita. Kuna wanaouita msimamo huo unyonge. Ulikuwa pia jibu la mtu aliyejua kwamba vijana wake walikuwa na dakika tisini dhidi ya Colombia, na goli moja tu lingewatosha.

Hapa ndipo utetezi wa Nishino unapopata uzito wake, na ni utetezi usiopaswa kupuuzwa. Kocha ameajiriwa na nchi yake. Kama angeshambulia, akafungwa la pili na kutolewa, hakuna Mjapani ambaye angemshukuru kwa uungwana wake. Alitumia kanuni alizokuta, hakuziandika yeye. Kumdai mtu mmoja abebe heshima ya mchezo wote kwenye mabega yake, huku waliotunga kanuni wakinywa chai, ni dhuluma ya aina yake.

Hoja hiyo, hata hivyo, ina mpaka. Inamwondolea kocha sehemu ya lawama lakini haiondoi hasara iliyompata mwingine. Rwanda ina mfano wake wa nyumbani, na hata jina la uwanja wa Rubavu linaukumbusha. Umuganda ni kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo kila mwenye uwezo hutakiwa kuhudhuria. Aliyekuja na jembe lake, akalisimamisha ardhini na kuliegemea saa tatu akipiga soga, ametimiza wajibu wa kuhudhuria, na hakuna atakayemtoza faini. Mtaro lakini utachimbwa na wengine, na wengine hao wanamwona.

Kanuni mbovu na mchezaji mwerevu

Pale kanuni inapokuwa mbovu kabisa, lawama huhama karibu yote kwenda kwa mwandishi wake. Mfano mashuhuri zaidi ulitokea tarehe 27 Januari 1994, miaka 22 kamili kabla ya ile siku ya mwisho ya kundi la Rubavu, katika mechi ya kufuzu Kombe la Karibi kati ya Barbados na Grenada. Waandaaji walikuwa wameamua kwamba goli la dhahabu katika muda wa ziada lihesabiwe kuwa magoli mawili. Barbados ilihitaji kushinda kwa tofauti ya magoli mawili. Ilipokuwa ikiongoza 2-1 na dakika zikielekea ukingoni, wachezaji wake waligundua kwamba njia rahisi ni kujifunga wenyewe, mechi iwe 2-2, waende muda wa ziada na watafute goli moja lenye thamani ya mawili. Wakajifunga dakika ya 87. Grenada nayo iligutuka: kufungwa kwa tofauti ya goli moja kungeipitisha, kwa hiyo ikaanza kutafuta goli katika lango lolote, la adui au lake lenyewe, na kwa dakika chache Barbados ilikuwa ikilinda malango yote mawili ya uwanja. Barbados ilipata goli lake la dhahabu, matokeo yakaandikwa 4-2, na hakuna aliyeadhibiwa. Ni vigumu kuona ni nani angeadhibiwa, isipokuwa mtu aliyekaa ofisini na kalamu.

Miaka kumi na minane baadaye, kwenye Michezo ya Olimpiki ya London ya 2012, uamuzi ulikuwa kinyume. Jozi nne za wanawake katika mpira wa vinyoya, moja ya China, mbili za Korea Kusini na moja ya Indonesia, zilikuwa zimekwisha kufuzu na kila moja ilitaka kushindwa ili ikwepe mpinzani mgumu katika raundi iliyofuata. Wakapiga huduma kwenye wavu kwa makusudi, mbele ya watu waliolipa tiketi. Shirikisho lao lilikuwa na kifungu katika kanuni za maadili kinachomtaka mchezaji atumie juhudi zake zote, na kwa kifungu hicho wote wanane waliondolewa mashindanoni. Adhabu ilikuwa kali, na wengi waliuliza kwa haki kwa nini waandaaji waliobuni mfumo unaomzawadia anayeshindwa hawakuguswa.

Swali gumu zaidi ni la ushahidi. Wale wachezaji walikuwa wakiigiza vibaya, mtoto angewatambua. Lakini nani atathibitisha kwamba kiungo aliyerudisha pasi nyuma hakuwa akitafuta nafasi bora? Nia haionekani kwenye skrini ya video. Refa akipewa mamlaka ya kuadhibu kukosa bidii, kila mechi itakuwa kesi, na timu ndogo zinazojilinda kwa sababu hazina uwezo mwingine ndizo zitakazokuwa za kwanza kuadhibiwa.

Mahakama za Uingereza ziliwahi kulazimishwa kulitazama tatizo hilo la nia katika kesi ya mcheza karata. Mwaka 2012 Phil Ivey, Mmarekani anayehesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa poka duniani, alishinda pauni milioni 7.7 katika kasino ya Crockfords mjini London, safari hii katika mchezo uitwao punto banco. Yeye na mwenzake walikuwa wamegundua kwamba michoro ya mgongoni mwa karata haikulingana sawasawa kingo zake. Wakamwomba mgawa karata ageuze karata fulani, wakisingizia ushirikina wa kutafuta bahati, naye akakubali bila kujua kwamba anawapangia karata kwa namna ya kuzitambua. Hakuna aliyegusa karata isivyo halali. Hakuna aliyeficha kitu mkononi. Kasino ilimrudishia fedha aliyoiweka, ikakataa kumlipa ushindi, naye akaishtaki.

Tarehe 25 Oktoba 2017 Mahakama ya Juu ilimnyima haki hiyo kwa kauli moja. La kuvutia ni kwamba tangu mahakama ya kwanza ilikubalika kuwa Ivey alikuwa mkweli aliposema haoni kuwa alifanya udanganyifu. Kwake ulikuwa werevu halali dhidi ya nyumba tajiri. Majaji walisema imani yake haitoshi. Kama kitendo ni udanganyifu hakipimwi kwa macho ya aliyekitenda. Uamuzi huo ulibadilisha kipimo cha kukosa uaminifu katika sheria ya Uingereza kwa ujumla, mbali kabisa na meza za kasino. Wapo waliomwonea Ivey huruma, na si bila sababu, kwa maana kasino yenyewe haiishi kwa ukarimu.

Kona moja badala ya nia

Bodi inayotunga sheria za soka, IFAB, imechagua njia nyingine, nayo inastahili kutazamwa na kila anayekwenda Uwanja wa Umuganda mwishoni mwa wiki. Kwa miaka mingi kipa hakuruhusiwa kushika mpira mikononi zaidi ya sekunde sita, na adhabu yake ilikuwa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja ndani ya eneo la hatari. Karibu hakuna refa aliyeitoa. Adhabu ilikuwa kubwa mno kwa kosa dogo, na kipa alijua kwamba refa anaogopa, kwa hiyo alishika mpira sekunde kumi na tano, ishirini. Machi 2025 bodi iliamua kuongeza muda hadi sekunde nane na kupunguza adhabu iwe kona, huku refa akizihesabu kwa mkono ulioinuliwa sekunde tano za mwisho. Sheria ilianza rasmi Julai 2025.

Mantiki yake ni ya kiasi na kwa hiyo ina nafasi ya kufaulu. Haimuulizi kipa nia yake. Haimwiti mlaghai. Inahesabu tu, mbele ya watu wote, na bei yake ni ndogo kiasi kwamba refa haogopi kuitoza. Kabla ya hapo, kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, FIFA ilikuwa imejaribu kurudisha muda ulioibwa kwa kuongeza dakika nyingi. Mechi ya Uingereza na Iran ilipata takriban dakika 27 za nyongeza kwa vipindi vyote viwili, nyingi zikitokana na jeraha halisi la kipa wa Iran. Hilo linasaidia, ila muda unaorudishwa si sawa na muda ulioibwa. Timu iliyokuwa na kasi dakika ya themanini haina kasi hiyo dakika ya mia moja.

Kwa mji kama Gisenyi mambo haya si ya mbali. Etincelles na Marines zinatumia uwanja huohuo mmoja, mbele ya watazamaji walewale, na watoto wanaozitazama kutoka ukutani wanajifunza kila kitu: namna ya kupiga chenga, na namna ya kuanguka bila kuguswa. Katika viwanja vingi vya ukanda huu waokota mipira hutoweka ghafla timu ya nyumbani inapoongoza, na mpira uliotoka nje hugeuka kitu adimu. Watazamaji hucheka inapokuwa faida yao. Wakienda ugenini, kichekesho hichohicho huitwa wizi.

Kicheko hicho kina uzito kuliko kinavyoonekana. Jambo la makruhu halina refa, na chombo pekee kilichobaki cha kulishughulikia ni aibu: zomea za Volgograd, noti za Waalgeria, ukimya wa jukwaa pale kipa wa nyumbani anapolala. Jukwaa linaloweza kumzomea kipa wake mwenyewe ni adimu. Liko lakini, na pale lilipo, waokota mipira hawatoweki.

Kombe la 2027 na siku za kusubiri

Suala hili linarudi Afrika Mashariki kwa njia ya ratiba. Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Tangu 2019 mashindano hayo yana timu 24 katika makundi sita, na timu nne bora zilizoshika nafasi ya tatu huungana na wengine katika hatua ya mtoano. Mfumo huo unafungua upya mlango uliofungwa baada ya Gijón. Mechi za kundi moja huchezwa pamoja, lakini makundi yenyewe humalizika siku tofauti, kwa hiyo anayecheza mwisho anajua hasa anachohitaji, na aliyecheza kwanza husubiri hotelini akitazama televisheni.

FIFA yenyewe ilionyesha kwamba inauogopa mlango huo. Mpango wake wa awali kwa Kombe la Dunia la 2026 ulikuwa makundi ya timu tatu tatu, ambapo katika kila kundi timu moja ingekuwa imemaliza mechi zake wakati nyingine mbili zinacheza mechi ya mwisho. Machi 2023 iliuacha na kurudi kwenye makundi ya timu nne, hatari ya timu mbili kupanga matokeo ikiwa miongoni mwa sababu. Nafasi za timu bora za tatu hata hivyo zilibaki, maana timu 48 hazigawanyiki vizuri kwa njia nyingine bila kupunguza mechi, na mechi ni fedha.

Kwa wenyeji wa 2027 onyo liko karibu. Januari 2024 Ivory Coast, ikiwa nyumbani, ilifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta na kumaliza ya tatu katika kundi lake ikiwa na pointi tatu. Ilikaa siku mbili ikisubiri makundi mengine. Mwishowe hatima yake iliangukia mechi moja ya Kundi F tarehe 24 Januari: Morocco dhidi ya Zambia, saa ileile ambapo Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwa zikielekea sare ya 0-0. Morocco ilikuwa imekwisha kufuzu. Zambia ilihitaji sare tu, na sare hiyo ingewatoa wenyeji. Ilikuwa karibu hesabu ileile ya Rubavu, miaka minane baadaye, na Zambia imekaa tena kwenye meza ileile.

Morocco haikuwa na deni kwa mtu. Ingeweza kutembea uwanjani dakika tisini na kwenda zake, na hakuna kifungu ambacho kingeigusa. Ilishambulia, Hakim Ziyech akafunga, na mechi ikaisha 1-0. Zambia na Tanzania zilirudi nyumbani. Ivory Coast, iliyookolewa na timu ambayo haikulazimika kuiokoa, ilitwaa kombe tarehe 11 Februari mjini Abidjan. Morocco yenyewe ilikuwa imekwisha kutolewa, siku sita baada ya kuifunga Zambia, na Afrika Kusini.